Mbegu imefunguliwa minyororo, lakini je, imekomaa?

Tangu tarehe 27 Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilipotoa hukumu yake kuhusu mbegu, wasomaji wa Voi, Mwatate na hata Kwale wamekuwa wakiniuliza swali lile lile: sasa twaweza kuuziana mbegu bila ya kushikwa? Jaji Rhoda Rutto alisema kwamba vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea vilivyomgeuza mkulima mdogo kuwa mhalifu kwa kuweka, kubadilishana au kuuza mbegu zake vinapingana na Katiba. Kesi yenyewe ilipelekwa mwaka 2022 na wakulima 15. Sheria ile ilikuwa na adhabu ya kifungo cha hadi miaka 2 na faini ya hadi shilingi milioni 1. Hebu fikiria, milioni nzima kwa ajili ya kikombe cha mbegu za boga alichompa jirani yake mama wa Sagalla.

Nilifurahi, na sitaki mtu afahamu vingine. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 11, yaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mbegu za asili na haki ya jamii kuzitumia. Ilikuwa ni kinyume kikubwa kwamba sheria iliyokuwa ikitumika ikimtisha yule yule aliyezitunza.

Lakini katika shangwe yote iliyofuata kuna jambo limenikera. Upande mmoja wasema mbegu ya mkulima ndiyo bora kwa sababu ni ya mababu. Upande wa pili, wa maduka ya pembejeo na baadhi ya maafisa, wasema mbegu ya mkulima ni takataka, haioti, yaleta magonjwa. Wote wawili waizungumza mbegu kama kwamba imetoka mbinguni ikiwa kamili. Hakuna aulizaye: tunda lilochumwa ili mbegu itolewe, lilikuwa na umri gani? Na kwa mboga zetu hizi, swali hilo lina uzito kuliko la mababu na la pakiti.

Mwezi uliopita nilipita soko la Voi nikamkuta mama mmoja mzee ameweka vijirundo vya mbegu pembeni mwa mchicha wake: bamia, mumunye, boga, biringani. Nikamwamkia, nikamuuliza mbegu za bamia amezitoaje. Akacheka, akaniambia, "Ustadh, hizi ni za yale yaliyobaki. Mazuri yote nimeshayauza Mombasa."

Sentensi ile fupi ina ugonjwa wote ndani yake. Nitaeleza.

Bamia ya kupika huchumwa siku tano hadi saba hivi baada ya ua kufunguka. Ikipita hapo huwa kamba tupu mdomoni. Ipasue bamia ya umri huo utazame mbegu zake: nyeupe, laini, ukizibana zatoka maji. Ni mbegu kwa jina tu. Ili iwe mbegu ya kupanda, yataka zaidi ya mwezi mmoja juu ya mti, mpaka bamia ikauke, igeuke hudhurungi, ianze kupasuka kwenye mishono yake, na mbegu ndani ziwe ngumu zenye rangi ya kijivu. Biringani nalo ni vivyo hivyo. Twalila likiwa na ngozi ya zambarau inayong'aa, na mng'ao huo kwa mbegu ndio utoto wenyewe. Likiachwa siku 50 hadi 60 tangu ua lake, ngozi hufifia, hugeuka manjano au kahawia, nyama yake haiingii tena mchuzini, na hapo ndipo mbegu zimekuwa mbegu. Tango la saladi pia halina mbegu ya kupanda ndani yake; yataka lizeeke shambani, linenepe, liwe la manjano.

Kwa hivyo mboga hizi zina kukomaa kwa aina mbili, kwa chungu na kwa mbegu. Kati ya huku na huku kuna wiki kadhaa, na katika wiki hizo ndimo mkulima wetu anamopoteza mbegu yake.

Kwa tungule, wanaoitwa nyanya huko bara, mambo ni tofauti kidogo kwa sababu twalila likiwa limeiva. Lakini tungule la Taveta au Wundanyi liendalo Kongowea halichumwi likiwa jekundu, lingefika uji. Huchumwa kijani kibichi, au linapoanza kupiga wekundu. Likiwa limeanza kugeuka rangi, mbegu zake zimekwisha kujaa kwa sehemu kubwa, na ukiliweka kivulini mpaka liwe jekundu sawasawa utapata mbegu ya kuridhisha. Likiwa kijani kabisa, usijisumbue. Pilipili mboga ndiyo yenye hadaa zaidi, maana kila mtu aijua kwa ukijani wake. Mbegu yake haiko tayari mpaka tunda liwe jekundu, au manjano kwa aina za manjano, na hiyo yaweza kuchukua siku 55 hadi 65 tangu ua.

Ndani ya tunda hufanyika nini siku hizo zote? Kwanza kijimche huumbika, kile kitakachokuwa mzizi na jani. Kisha mama mmea huanza kukipakia chakula kupitia kikonyo, mafuta na wanga na protini, mpaka uzito wa mbegu ufike kilele. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba hapo ndipo mwisho, kwamba mbegu ikishajaa basi ubora wake nao umefika juu na baada ya hapo ni kushuka. Mwaka 1992, Ibrahim Demir na R. H. Ellis walichapisha utafiti wao wa tungule wakionyesha sivyo: mbegu yaendelea kupata ubora hata baada ya kumaliza kujaa. Katika kipindi hicho cha mwisho, ambacho kwa macho ni kama hakuna kitendekacho, mbegu yajifunza kuvumilia kukauka, na yajiwekea akiba ya umri.

Hapo pa umri ndipo panapotuhusu sisi wa nyanda kavu. Uwezo wa kuota huja mapema. Uwezo wa kungoja huja mwisho. Mbegu iliyotolewa kwenye tunda changa, ukiipanda wiki ile ile, huenda ikaota nyingine kwa nyingine, na mkulima akajisifu. Iweke miezi sita, uone. Na Voi twaishi kwa kungoja. Mvua ya kutegemea huku chini ni ya vuli, Oktoba hadi Disemba. Ya masika mara nyingi yatudanganya. Mbegu ya mavuno ya Januari au Februari yabidi ikae mpaka Oktoba, miezi minane, ndani ya nyumba ya bati ambayo mchana ni tanuri. Kuna kanuni ya makadirio ya mtaalamu wa Marekani, James Harrington: kila unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, umri wake ghalani huongezeka maradufu, na kila joto likipungua kwa nyuzi 5 za Selsiasi, vivyo hivyo. Igeuze kanuni hiyo upande wa pili, umeieleza Voi.

(Ndugu zetu wa Wundanyi wanaotuchekea kwa jasho letu wana ghala la baridi walilopewa bure na Mwenyezi Mungu. Sijui kwa nini hatujawahi kuwapelekea mbegu zetu watuwekee.)

Basi mbegu changa ikikutana na joto la Voi, Oktoba mkulima apanda, yaota tatu kwenye kumi, na hao wa dukani wasema, si tulikwambia? Mbegu ya kienyeji haioti. Naye mkulima aamini. Lakini ubovu haukuwa katika aina ya mbegu, ulikuwa katika tarehe ya kuchuma.

Sasa turudi kwa yule mama na "yale yaliyobaki". Kuna wataalamu wanaopenda kusema wakulima hawajui. Huyu ajua vizuri kabisa. Nilimuuliza kwa nini asiache bamia za mwanzo zikaukie mtini, akanijibu kama mtu anayemfunza mtoto hesabu. Mti wa bamia ukiuachia matunda yakomae, huacha kuzaa mengine. Nguvu yote yaenda kwenye mbegu. Ukitaka uchume kila baada ya siku mbili kwa miezi miwili, ni lazima usiruhusu hata moja izeeke. Kuacha miti kumi kwa ajili ya mbegu ni kupoteza ndoo kadhaa za bamia sokoni, katika msimu ambao ada za shule zadaiwa. Kwa hivyo huuza mpaka mti uchoke, na vile vibamia vya mwisho, vilivyopinda na vyenye wadudu, vya mti uliokwisha nguvu, ndivyo viachwavyo kukauka. Mbegu ya mwakani yazaliwa na uchovu wa mwaka huu.

Na kuna wengine hawapati hata hayo ya mwisho. Dalali huja na gari, atazama shamba la tungule au pilipili lingali kijani, ataja bei ya shamba zima, alipa, na tangu siku hiyo kila tunda ni lake. Mkulima akitaka matano ya mbegu huwa amwomba dalali. Wanazuoni wetu watatukumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuzwa matunda yangali mtini kabla ya uzuri wake kudhihirika, na waliolifafanua katazo hilo wataja hatari ya tunda kupatwa na janga na mnunuzi akala hasara. Naongeza langu tu, si fatwa: muuzaji naye ana hasara asiyoihesabu, kwamba ameuza na mbegu za mwakani ndani yake.

Kisha kuna ndovu. Msomaji wa Mombasa atashangaa ndovu wameingiaje kwenye mazungumzo ya mbegu, lakini wa Sagalla, Kasigau na Mbololo ameshaelewa. Zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni hifadhi ya Tsavo. Boga la mbegu lataka likae shambani mpaka ganda liwe gumu lisiingie ukucha na kikonyo kikauke kiwe kama kuni, kisha likae ndani wiki tatu au nne zaidi kabla ya kupasuliwa, maana mbegu za boga zaendelea kukomaa ndani ya boga lililokwisha kuchumwa. Lakini kila usiku wa ziada boga liwapo shambani ni mwaliko kwa ndovu. Mkulima wa mpakani mwa hifadhi hachumi mapema kwa ujinga. Huchuma mapema kwa sababu akichelewa hatakuwa na boga wala mbegu wala ua wa nyumba. Huko Sagalla kuna mashamba yaliyozungushiwa mizinga ya nyuki, mradi ulioanza mwaka 2009, ambapo ndovu akigusa waya mizinga hutikisika na nyuki wakatoka. Mradi ule husifiwa kwa kuokoa mahindi na kwa asali. Mimi naona ungehesabiwa pia kwa siku unazomwongezea mkulima kabla ya kuchuma.

Ukiyaweka haya pamoja, hukumu ya Machakos imeondoa kikwazo kimoja tu. Imemwambia mkulima: mbegu ni yako, mpe umtakaye. Haikumpa wiki tano za kungojea zikomae. Na sasa kwa kuwa biashara imekuwa halali, nahofia jambo ambalo halikuwapo sana zamani. Zamani mbegu ilikwenda kwa jirani na shemeji. Ukimpa mbegu mbovu, atakuja mlangoni kwako msimu ujao na mtaaibika pamoja. Leo yeyote aweza kukusanya maganda ya mikahawa, akatoa mbegu za pilipili kijani na tango changa, akazikausha juani na kuzifunga kwenye vijikaratasi akiziita za asili. Zitauzwa, na zitaua jina la mbegu za asili haraka kuliko sheria yoyote ya Nairobi.

Siwatetei wenye pakiti. Wakulima wengi huku wameshanunua pakiti ya bei ghali wakapanda pakaota magugu peke yake. KEPHIS wameweka stika za kukwangua ili mnunuzi ahakikishe, na ni jambo jema kwa anayekumbuka kukwangua. Mbegu za chotara zina faida yake pia, ila ukitoa mbegu kwenye tungule la chotara, hata likomae vipi, watoto wake hawatafanana na mama. Kwa hivyo anayetaka kujiwekea mbegu aanze na aina zisizo chotara, za kienyeji au zile za dukani ambazo si F1. Hilo ni sharti na halina mjadala.

Wenzetu ng'ambo ya Holili wamepiga hatua ambayo naona ingetufaa. Tanzania kwa miaka mingi imekuwa na daraja la mbegu za kuazimiwa ubora: mkulima aliyefunzwa azalisha mbegu katika eneo lake, wakaguzi hupita shambani na kupima sehemu ya mbegu, na azauza kwa majirani bila ya masharti yote ya kampuni kubwa. Si mfumo usio na kasoro. Lakini huko swali la "tunda lilikuwa na umri gani" lina mtu wa kuliuliza. Kwetu lilikuwa jela au kampuni, na sasa ni kampuni au kila mtu na lake.

Kilimo ni kazi ya kaunti tangu ugatuzi. Bajeti ya Taita Taveta yaandaliwa miezi hii, na ushirikishi wa umma utafanyika, watu wataitwa chini ya miti wapewe soda. Nawaomba wanaokwenda waombe jambo ambalo si tingatinga. Waombe kaunti iwalipe vikundi vichache vya kina mama, cha Sagalla, cha Mwatate, cha Taveta, thamani ya mboga watakazoziacha zizeekee shambani. Ni pesa ndogo, fidia ya ndoo kumi za bamia na magunia machache ya biringani, ili miti bora ya mwanzo iachiwe mbegu badala ya miti iliyochoka. Waombe na maafisa wa kilimo wafundishe mbegu, kwani wengi wao hutufundisha kupanda na kupiga dawa tu. KALRO wana kituo Mtwapa, si mbali. Benki ya taifa ya mbegu iko Muguga, na vilivyomo humo vimetoka kwenye mashamba kama haya yetu.

Na tusingoje kaunti kwa yale yaliyo mikononi mwetu. Funga uzi mwekundu kwenye miti miwili mitatu iliyo mizuri zaidi, mapema, kabla ya mchumo wa kwanza, na umwambie kila mtu nyumbani kwamba huo hauguswi. Tungule la mbegu lichukue kwenye kishada cha pili au cha tatu, wala si yale madogo ya kileleni. Lisiachwe pia mpaka lioze mtini, kwani mbegu huweza kuanza kuota humo humo ndani. Mbegu zake ziloweke na maji yake siku moja au mbili mpaka ule utelezi uachane nazo, uzioshe, uzitandaze kivulini penye upepo, si juu ya bati la moto. Zikikauka zivunjike badala ya kupinda, zitie ndani ya chupa yenye kifuniko cha kubana, na jivu kavu au mkaa chini yake. Wazee walizitundika juu ya dari la jikoni, moshi ukazilinda na wadudu. Jiko la gesi halina moshi, kwa hivyo chupa.

Miezi miwili kabla ya vuli, hesabu mbegu mia moja, zifunge katika kitambaa kibichi, zitie mahali pasipo jua, uhakikishe hakikauki. Kwa pilipili na biringani subiri hata wiki mbili, kwa bamia na boga wiki moja yatosha. Zikiota themanini, una mbegu. Zikiota arubaini, panda mara mbili na usimuuzie mtu.

Yule mama wa sokoni nilimnunulia mbegu za boga, za bamia nikaziacha. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia. Hakukasirika. Alisema boga lile lilikaa chini ya kitanda chake tangu mwezi wa kumi na mbili, kwa sababu ya ndovu, wala si kwa sababu ya mbegu. Nikizipima nitawapa hesabu hapa hapa.